Mtu Hapungui: Rekodi za Ndege Ndogo Kuliko Zote

Ncha hadi ncha, mabawa ya Bumble Bee II yalikuwa na mita 1.68. Mtu mzima wa kimo cha kawaida akisimama katikati ya sebule ya nyumba yoyote hapa Tudor, Mombasa, na kunyoosha mikono yake miwili, amefika. Kutoka pua hadi mkia ilikuwa na mita 2.69, yaani ingeegeshwa mahali pa gari la Probox na nafasi ikabaki. Ikiwa tupu ilikuwa na kilo 180. Aliyeiunda ni Robert Starr, rubani wa Arizona nchini Marekani, na aliirusha tarehe 2 Aprili 1988. Hiyo ndiyo inayoshikilia rekodi ya ndege ndogo kabisa ya safu mbili za mabawa iliyowahi kuruka na mtu ndani.

Iliruka kwa muda wa mwezi mmoja hivi. Tarehe 5 Mei mwaka huohuo, ikiwa kiasi cha mita 120 juu ya ardhi, injini ilikatika. Ndege ikaanguka na kuharibika kabisa, na Starr akaumia vibaya, ingawa baadaye alipona.

Ndege kubwa ikizimikiwa na injini humwachia rubani dakika kadhaa za kuteleza hewani akitafuta pa kutua. Ile ya Starr haikuwa na akiba hiyo, na sababu yake ni hesabu ambayo kila fundi wa ndege ndogo hukutana nayo siku ya kwanza. Chukua ndege yoyote uipunguze nusu kila upande: urefu nusu, upana nusu, kimo nusu. Eneo la mabawa litabaki robo, yaani nusu ya nusu. Uzito utabaki thumuni, nusu ya nusu ya nusu. Kwa hesabu hiyo kitu kidogo kina nafuu kubwa, maana uzito umeshuka zaidi kuliko bawa linalouinua. Nafuu hiyo yote inapotea mara tu unapomketisha mtu ndani. Mtu wa kilo 70 ni kilo 70 kwenye Boeing na ni kilo 70 kwenye Bumble Bee. Nyonga zake zina upana uleule, na miguu yake inataka nafasi ileile. Fundi hupunguza bawa, mkia, tangi na magurudumu, lakini mtu hapungui.

Bawa dogo likitwishwa mzigo mkubwa lina njia moja tu ya kuubeba: kwenda mbio. Ndiyo maana Starr alifunga injini ya Continental ya nguvu za farasi 85, ambayo wengine waliitumia kwenye ndege za watu wawili zenye mabawa marefu mara nyingi zaidi. Juu ya hilo kuna hasara ya nchani. Hewa yenye shinikizo chini ya bawa hutafuta njia ya kupanda juu, na njia yake ni kuzunguka ncha. Kwenye bawa refu ncha ziko mbali na hasara ni ya pembeni tu. Kwenye bawa la urefu wa mkono, karibu kila sehemu ni ncha. Kuweka safu mbili za mabawa kunarudisha eneo lililopotea, ila bawa la juu na la chini yanachafuliana hewa.

Halafu kuna mkia. Watoto wa Tudor wanaorusha tiara kusi inapovuma wanalijua tatizo hili kwa mikono yao. Tiara ya chelewa na karatasi ikiwa na mkia mfupi huzunguka kichwa chini na kujibamiza ukutani. Ukiiongezea mkia kwa kipande cha kitambaa, inatulia. Mkia wa ndege nao unatuliza kwa umbali wake kutoka kitovu cha uzito. Starr aliuweka mkia nyuma ya mgongo wake hasa, kwa kuwa hapakuwa na mahali pengine, na ndege ya namna hiyo huitikia mguso mdogo wa usukani kwa kuruka pua juu au kuitumbukiza. Tena rubani ndiye sehemu kubwa ya uzito wote. Akija mwingine mzito kwa kilo kumi, kitovu kimehama na ndege imekuwa nyingine.

Starr hakufika hapo kwa siku moja. Mwaka 1952 alikuwa ameirusha Sky Baby, aliyoijenga pamoja na Ray Stits wa California, ikiwa na mabawa ya mita 2.18 na injini ya aina ileile iliyoongezwa nguvu. Mwaka 1984 mtoto wa Stits, Donald, akaja na Baby Bird, ambayo ndiyo ndege ndogo kabisa yenye safu moja ya mabawa: mita 1.91 ncha hadi ncha, na kilo 114 tu ikiwa tupu. Mwaka uleule Starr akatoa Bumble Bee ya kwanza, na miaka minne baadaye akaivunja rekodi yake mwenyewe. Bumble Bee ya kwanza ipo hadi leo katika jumba la makumbusho la Pima huko Tucson. Nazihesabu ndege hizi kuwa kazi za uhodari mkubwa, lakini hakuna hata moja iliyojengwa ili imfikishe mtu mahali. Zilijengwa kwa ajili ya futi ya kupimia.

Cri-Cri ya kilo 78

Michel Colomban, mhandisi wa Kifaransa, alitaka ndege ndogo ambayo mtu anaweza kusafiri nayo. Cri-Cri yake iliruka mara ya kwanza tarehe 19 Julai 1973, ikiwa imepewa jina la utani la binti yake Christine. Ni ndege ndogo kuliko zote za injini mbili zinazobeba mtu. Mabawa yake yana mita 4.9 na mwili mita 3.9, na ikiwa tupu ina kilo 78, wakati inaruhusiwa kuondoka ardhini na uzito wote wa kilo 170. Ni vyombo vichache vya angani vinavyobeba mzigo uliozidi uzito wao wenyewe.

Alifaulu kwa kukwangua gramu. Bati la alumini la mabawa aliligandisha kwa gundi juu ya mbavu za povu badala ya kulipiga ribiti kila mahali, na injini mbili ndogo akazisimamisha kwenye vijiti viwili mbele ya pua. Rubani hukaa chini ya kifuniko cha kioo cha plastiki kama yumo ndani ya bakuli, na propela ziko mbele ya magoti yake. Mimi ningempa Colomban nishani ya kwanza katika orodha hii yote. Starr alipunguza urefu wa bawa hadi usalama ukaisha. Colomban alipunguza uzito na bawa akaliacha liwe na urefu linaouhitaji. Matokeo yake Cri-Cri zimejengwa nyingi na mafundi wa nyumbani, na tarehe 9 Julai 2015 Hugues Duval alivuka mlangobahari kati ya Ufaransa na Uingereza kwa Cri-Cri ya umeme, akiwatangulia Airbus na ndege yao ya umeme kwa saa chache. Wapo waliobisha, kwa kuwa alipandishwa angani juu ya mgongo wa ndege nyingine kabla ya kuachiliwa.

Ndege nyepesi kabisa ya jeti ni BD-5J, iliyotokana na usanifu wa Jim Bede wa Marekani. Iliyo katika rekodi ina kilo 162. Watazamaji wa sinema za James Bond waliiona mwaka 1983 katika Octopussy. Kwa helikopta, nishani iko Japani kwa Gennai Yanagisawa: GEN H-4 yake ni kiti, injini nne ndogo na panga mbili zenye upana wa mita 4 zinazozunguka kinyume moja juu ya nyingine, kwa hiyo haihitaji mkia wa kuizuia isizunguke. Yote ina uzito wa kilo 75 hivi.

Iliyoua

Kisa cha huzuni ni cha Pou-du-ciel, Kiroboto wa Angani. Henri Mignet, Mfaransa aliyekuwa fundi wa redio, aliirusha mara ya kwanza Septemba 1933, kisha akaandika kitabu cha kumwonyesha mtu wa kawaida jinsi ya kujijengea. Mbao, kitambaa, injini ya pikipiki, na mabawa ya mita 6. Aliondoa pedali za miguuni na vibapa vya mabawani, na badala yake bawa la mbele lote likawa linainama na kuinuka kwa usukani. Lengo lake lilikuwa jema: watu wengi walikuwa wakishindwa kuratibu mikono na miguu, naye akataka kila mwenye msumeno na moyo aruke. Ulaya ikashikwa. Vijana walizijenga vyumbani na gerejini kwa mamia.

Mwaka 1935 na 1936 ajali zikafuatana, na nyingi zilifanana: ndege inaelekeza pua chini, rubani anavuta usukani, na kadiri anavyovuta ndivyo inavyozidi kupiga mbizi. Ndege zenyewe, za ukubwa kamili, zikaingizwa katika mahandaki ya kupimia upepo huko Farnborough na Chalais-Meudon. Ikaonekana kwamba bawa la mbele na la nyuma yalikuwa karibu mno, tena yakipishana kidogo. Bawa la mbele lilipoinuliwa ili kuiokoa ndege, mwanya kati ya mabawa hayo mawili uliielekeza hewa juu ya bawa la nyuma na kulifanya liinue zaidi, kwa hiyo mkia ukapanda na pua ikashuka. Rubani aliyefanya jambo sahihi ndiye aliyejiua. Uingereza ikaacha kuzipa vibali.

Kisa hiki nakiona ndicho muhimu kuliko vyote kwa yeyote anayetaka kusanifu chombo kidogo cha kuruka. Unapokisogeza kila kitu karibu na kingine ili kupunguza urefu, vitu vilivyokuwa havijuani vinaanza kuingiliana, na mwingiliano huo hauonekani kwenye mchoro wala kwenye majaribio ya hali njema. Mignet mwenyewe aliruka nayo mara nyingi, hata akavuka bahari hadi Uingereza Agosti 1935, bila kuangukia kwenye pembe ile ya kuua.

Mtu akishuka

Mtu akiondolewa kwenye ndege, hesabu ya thumuni inarudi kufanya kazi kwa faida yako. Pwani yetu ina mfano mzuri. Mwaka 2016 Zanzibar ilianza kupiga picha Unguja na Pemba nzima kutoka angani, zaidi ya kilomita za mraba 2,000, kwa ndege za eBee za kampuni ya senseFly ya Uswisi. Tume ya Ardhi ilishirikiana na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA, kwa msaada wa Benki ya Dunia, na wanafunzi wa SUZA ndio waliozirusha. Mradi huo ulitajwa kuwa miongoni mwa miradi mikubwa kabisa duniani ya kuchora ramani kwa ndege za bei nafuu zisizo na rubani.

Tazama kifaa chenyewe. eBee ina sentimita 96 ncha hadi ncha na gramu 700 hivi. Mwili ni povu. Mwanafunzi anaitikisa, propela ya nyuma inawaka, anairusha kwa mkono, nayo inarudi kutua kwa tumbo kwenye majani. Haina mkia kabisa. Umbo la bawa ndilo linaloituliza, na kompyuta iliyomo ndani inasahihisha mwelekeo muda wote, haraka kuliko mkono wa rubani yeyote. Lile tatizo lililomsumbua Starr limetatuliwa kwa kumwondoa mwenye mikono mizito.

Kilichobaki kuisumbua ni upepo. Ndege ya gramu 700 inayokwenda kilomita 50 au 60 kwa saa ikikutana na kaskazi la mchana, inaelekea India ikiwa haisogei sana. Mwenye kuirusha hupanga mistari yake ya picha kwa kuangalia upepo, kama nahodha, na huamka mapema. Betri nayo inatoa kiasi cha dakika 50 tu. Hapa ndipo anapoingia abiria mpya asiyepungua. Ukiikata betri nusu kila upande, umeme wake unashuka hadi thumuni pamoja na uzito, lakini waya, ganda na vifaa vya kuilinda havishuki hivyo, na mota ndogo inapoteza sehemu kubwa zaidi ya umeme huo kwa joto na msuguano.

Chuo Kikuu cha Delft, Uholanzi, kilionyesha bei hiyo mwaka 2008 kwa DelFly Micro, ndege ya kupiga mabawa yenye sentimita 10 na gramu 3 na kamera yake. Betri peke yake ilichukua gramu moja, theluthi nzima, na iliruka kwa dakika tatu hivi. Mwaka 2016 Chuo Kikuu cha Pennsylvania kikatoa Piccolissimo, milimita 28 na chini ya gramu 2.5, ikiwa na mota moja tu: propela inazunguka huku na mwili mzima unazunguka kule, na katika toleo lake kubwa kidogo mwelekeo unabadilishwa kwa kuongeza na kupunguza kasi ya mota katika sehemu maalumu ya kila mzunguko. Chini ya hapo mota za kawaida hazifai tena. RoboBee ya Harvard, milimita 30 na miligramu 80, ilitumia vipande vya seramiki vinavyojikunja vikipitishiwa umeme, na mwaka 2013 ikaruka kwa kupiga mabawa mara 120 kwa sekunde, lakini umeme wake ulipitia waya kutoka mezani. Ilipokatwa waya mwaka 2019 ilibidi ipewe mabawa manne na vipande vya sola, ikafika miligramu 259, na taa za maabara zilizowaka kwa nguvu ya karibu jua tatu ndizo zilizoiinua kwa muda mfupi.

Nafasi ya udogo kabisa sasa iko Berkeley, California. Mwaka 2025 walionyesha kidude cha milimita 9.4 na miligramu 21 kinachoruka bila waya. Hakina betri wala mota: kina sumaku mbili ndogo na propela, na uga wa sumaku kutoka nje ndio unaokizungusha. Ukikitoa nje ya uga huo kinaanguka. Wameishinda betri kwa kuiacha chini.

Wenyeji wa Tudor

Rekodi zote hizo za maabara zinavunjwa kila jioni kwenye mitaro ya Tudor. Mbu wetu wa kawaida wa nyumbani, yule anayezaliana kwenye maji machafu na kuimba sikioni usiku, ni Culex quinquefasciatus, na wanasayansi walioongozwa na Richard Bomphrey walimpiga picha kwa kamera nane zilizonasa picha 10,000 kwa sekunde. Matokeo yalichapishwa katika jarida la Nature mwaka 2017. Anapiga mabawa mara 800 hivi kwa sekunde, na kila pigo lina upana wa digrii 40 tu, chini ya nusu ya pigo la nyuki. Kwa vipimo vya ndege zetu bawa hilo halipaswi kumbeba. Linambeba kwa sababu mwishoni mwa kila pigo analigeuza haraka mno na kudaka upepo uliotokana na pigo lililotangulia. Hewa iliyochafuliwa, ile iliyowaua wanafunzi wa Mignet, kwake ni mtaji.

Kwenye vipimo vya chini zaidi hewa yenyewe inabadilika tabia, inakuwa nzito na ya kunata. Kikiki huna, nyigu wa Hawaii mwenye urefu wa milimita 0.16 hivi na mdudu mdogo kuliko wote wanaojulikana kuruka, hana bawa la utando ipasavyo. Ana mpini wenye nywele pembeni, na kwa udogo ule hewa haipiti kirahisi katikati ya nywele.

Lakini bingwa wa pwani yetu ni kereng'ende. Mvua za vuli zikinyesha na kaskazi likianza, Novemba na Desemba, wanajaa juu ya viwanja na kandokando ya mkono wa bahari wa Tudor, wenye rangi ya dhahabu, wakielea usawa wa kifua cha mtu bila kutua. Ni Pantala flavescens. Mwaka 2009 Charles Anderson, mwanabiolojia wa bahari aliyekuwa akiishi Maldives, alieleza kwamba wengi wao hutoka India, hupita Maldives kuanzia Oktoba na kufika Afrika Mashariki wakibebwa na upepo wa juu, njia ileile ya majahazi. Mzunguko wote wa kwenda na kurudi ni kilomita 14,000 hadi 18,000 kwa vizazi vinne hivi, safari ndefu kuliko zote zinazojulikana kwa wadudu. Kila mmoja ana gramu 0.3. Njiani hula wadudu wadogo waliochukuliwa na upepo uleule. Wakifika hutaga kwenye madimbwi ya mvua, na watoto wao majini hula viluwiluwi vya mbu.

Mtazame mmoja akiwa ametua kwenye waya asubuhi. Karibu na ncha ya kila bawa, ukingo wa mbele, kuna doa dogo lililokolea rangi. Åke Norberg wa Uswidi alionyesha mwaka 1972 kwamba doa hilo ni uzito uliowekwa kwa makusudi ya maumbile: halifiki sehemu moja ya elfu ya uzito wa mwili, lakini linalizuia bawa lisitetemeke na kujivunja, na hivyo kumwezesha kuteleza kwa kasi iliyozidi kwa asilimia 10 hadi 25. Bawa lenyewe si laini kama la ndege ya abiria. Limekunjwa kama bati la paa, linapata ugumu bila uzito, na kwa kipimo chake linainua vizuri kama bawa laini.

Tungependa kumfuata hatua kwa hatua juu ya bahari. Mwaka 2006 Martin Wikelski na wenzake waliwafuata kereng'ende wa Marekani kwa kuwabandikia redio za gramu 0.3, lakini wale walikuwa na gramu 1.2 kila mmoja. Redio ileile ingekuwa na uzito sawa na kereng'ende wetu mzima. Hivyo watafiti wakachukua njia nyingine. Maji ya kila eneo yana uwiano wake wa hidrojeni nyepesi na nzito, na bawa la kereng'ende hubaki na uwiano wa dimbwi alimokulia. Mwaka 2012 Keith Hobson, Anderson na wenzao walipima mabawa ya waliokamatwa Maldives, na hidrojeni iliyomo ikaonyesha kwamba walikulia kaskazini mwa India au mbali zaidi ya hapo.